Moja ya Nini? (Sehemu ya 14)

Nimetoka zamu saa moja, nimeoga, chai iko pembeni. Najua niliahidi leo tuendelee na kumwogesha kichanga. Itasubiri kidogo. Juzi kuna mama kanitumia ujumbe, nikacheka sana, halafu baada ya kucheka nikakaa kimya, maana ulinikumbusha kitu ambacho miaka yote hii sijawahi kukiandika hapa.

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Nesi samahani kwa usumbufu. Programu niliyoweka kwenye simu inasema mtoto wa kiume wa miezi miwili anatakiwa awe na urefu wa 23. Kliniki wameniandikia 58. Mume wangu anasema kwao ni warefu lakini sio hivyo. Nianze kuwa na wasiwasi?"

Mama, kama unasoma hapa, nilishakujibu ila narudia kwa faida ya wengine. Mtoto wako yuko sawa kabisa. Hiyo 23 ya kwenye simu ni inchi na hiyo 58 ya kwenye kadi ni sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54. Chukua 23 zidisha kwa 2.54, unapata 58.42. Ni mtoto yuleyule, urefu uleule. Hizo programu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya akina mama wa Marekani, na wao wakijifungua wanatangaza inchi na pauni. Ingia kwenye mipangilio ya programu, kuna sehemu ya kuchagua vipimo, weka sentimita na kilo, maisha yaendelee. Usipofanya hivyo utakuja kushtuka tena siku ikikuambia mtoto mchanga ana 7, ukadhani ni kilo 7. Ni pauni, karibu kilo 3 na gramu 175.

Hapo ndipo nilipocheka. Sasa niwaambie kwa nini niliacha kucheka.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, mbali na lami. Manesi tulikuwa watatu, na mmoja kila mara yuko likizo au semina. Siku za kliniki foleni ilikuwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi chini ya mwembe. Mizani tulikuwa nayo, ile ya kuning'iniza. Ubao wa kupimia urefu ulikuwa umevunjika mguu, tunauegemeza na tofali. Tepu ya kupimia kichwa ilikuwa moja, nyeupe, sentimita tupu pande zote mbili, na mimi ndo nilikuwa natembea nayo mfukoni kama simu.

Akaja mama mmoja na binti yake wa wiki sita kwa chanjo. Mama mchangamfu, kavaa gauni la kitenge ambalo wote tulilitolea macho. Nikamuuliza kashonewa wapi, akasema ni yeye mwenyewe, ni fundi cherehani, ana mashine mbili pale sokoni. Mtoto ananyonya vizuri, anakutazama usoni, uzito mzuri. Ila mimi kichwa nikakiona kama kikubwa kidogo. Nikatoa tepu yangu nikazungusha: 39 na nusu. Kwa mtoto wa kike wa wiki sita hiyo iko juu, karibu na mstari wa juu kabisa wa kawaida. Nikagusa utosi, laini, haujavimba. Nikamuuliza kama kwao kuna watu wenye vichwa vikubwa, akacheka akasema nimwangalie baba yake.

Kichwa kuwa kikubwa siku moja hakutoshi kukuambia kitu. Wapo watoto wenye vichwa vikubwa na hawana tatizo lolote, wamechukua kwa baba. Kinachotuambia ni kasi. Miezi mitatu ya kwanza kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa muda wake huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, yaani karibu nusu sentimita kwa wiki. Mwezi wa nne hadi wa sita kinapungua mwendo, karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kuanzia hapo hadi mwaka ni kama nusu sentimita kwa mwezi. Kikikimbia zaidi ya hapo, tunaanza kufikiria maji kujaa kichwani. Kwa hiyo nilitaka kumpima tena baada ya wiki mbili.

Lakini ilikuwa masika. Kutoka kwao hadi kituoni pikipiki ilikuwa inakataa kupita, na yeye ndo ana kidonda cha upasuaji hakijakomaa. Nikaona niwe na huruma. Nikamwonyesha namna ya kupima: tepu inapita juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma inapita pale kisogo kinapochomoza zaidi. Unapima mara tatu, unachukua namba kubwa kuliko zote. Akanitazama kwa uso wa mtu anayefundishwa kupika ugali. "Nesi, mimi ni kazi yangu," akasema. Ni kweli. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Tukapeana namba za simu, nikamwambia baada ya wiki mbili anipigie aniambie kimeongezeka ngapi.

Angalieni nilivyomuuliza: kimeongezeka ngapi. Sikumwambia anitajie namba yote. Sikumuuliza tepu yake ikoje.

Wiki mbili zikaisha akapiga, siku ileile, hakuchelewa. Mimi nilikuwa chumba cha kujifungulia na mama ambaye njia imefika sentimita 8, mtandao unakatikakatika, nimebana simu kwa bega. (Kwa pembeni tu: hata Marekani kwenyewe, ambako mtoto akishatoka wanamtaja kwa inchi, njia ya uzazi wanaipima kwa sentimita kama sisi. Kumi ni kumi popote. Mtoto akishazaliwa ndo wanarudi kwenye inchi zao.) Nasema hivi kwa sababu siku ile kichwani mwangu kila kitu kilikuwa sentimita.

"Nesi, kimeongezeka moja."

Moja kwa wiki mbili. Nusu kwa wiki. Yaani kama kitabu kilivyosema. Nikashusha pumzi.

"Safi kabisa mama, moja ni kawaida."

Akanyamaza kidogo. "Moja si nyingi? Mbona kofia niliyomshonea juzi haimwingii tena?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikamwambia watoto ndo wanavyokua, ashone nyingine kubwa zaidi. Nikamwambia aendelee kupima, tukutane kwenye chanjo ya wiki kumi.

Alikuja siku yake ya chanjo, wiki kumi kamili. Nilimwona kwa mbali kwenye foleni nikajua kabla hajafika. Wale mnaofanya kazi hii mnaelewa. Paji la uso limetokeza mbele, mishipa ya kichwani inaonekana, macho yanatazama chini hadi weupe wa juu unaonekana, kama jua linalozama. Utosi umevimba, umekaza, na mtoto ametulia mikononi, halii. Mama akasema tangu juzi anatapika kila akinyonya na analala sana.

Nikazungusha tepu. 44 na nusu. Nikapima tena. 44 na nusu.

"Mama, uliniambia kimeongezeka moja."

"Ndiyo nesi. Na wiki hizi mbili nyingine kimeongezeka moja tena. Jumla mbili."

Akafungua pochi, akatoa daftari lake la vipimo vya wateja, lile ambalo kila fundi analo, kurasa zimejaa kifua 36, kiuno 30, hipsi 42. Ukurasa wa mwisho kabisa alikuwa ameandika jina la mtoto na tarehe tatu. 15 na nusu. 16 na nusu. 17 na nusu. Mwandiko mzuri, ameupigia na mstari. Halafu akatoa tepu yake, ile ya njano ya mafundi ambayo sehemu nyingine wanaiita futi. Upande mmoja inchi 60, upande wa pili sentimita 150.

Fundi cherehani wa kwetu anafanya kazi kwa inchi. Hajawahi kumwambia mteja kiuno chako ni 76. Kwake moja ni inchi moja, na hahitaji kusema inchi, kama mimi nisivyohitaji kusema sentimita mbele ya nesi mwenzangu. Moja yake ilikuwa sentimita mbili na nusu na ushee. Wiki mbili za kwanza kichwa cha mtoto kilikuwa kimekua zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa, na mimi nilimwambia ni safi kabisa. Wiki nne, sentimita 5. Yeye alipima sawasawa mara zote tatu. Namba zake zote ziko sahihi hadi leo, ukizidisha zinakubali: 15 na nusu ni 39.37, 16 na nusu ni 41.91, 17 na nusu ni 44.45. Aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwa kutouliza swali moja dogo. Na kofia, jamani. Mama aliniambia na kofia.

Tuliandika rufaa saa hiyohiyo. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama upande wa pili wa mto, wakapanda basi. Huko mbele akapigwa picha kupitia utosi, ikaonekana maji yamejaa, akafanyiwa upasuaji: wanaweka mpira mwembamba chini ya ngozi, unaanzia kichwani hadi tumboni, maji yanapita yanaenda kunyonywa huko na mwili. Wazazi waliuza mashine moja kati ya zile mbili kwa ajili ya nauli na kukaa mjini.

Nilimwambia mama ukweli. Sio siku ileile, siku ile nilikuwa natetemeka tu. Aliporudi kutoka hospitali nilikwenda kwake sokoni, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamwambia wiki mbili zile zimepotea kwa sababu yangu. Akaendelea kushona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi. Akasema, "Mteja akiniambia nipunguze moja, namuuliza moja ya wapi. Na wewe ungeniuliza." Basi. Hakunifukuza, na hakusema haidhuru. Akaniletea soda.

Yule binti leo yuko shule. Alichelewa kutembea, jicho moja lina kengeza. Nilimuuliza daktari aliyempasua kama zile wiki mbili ndizo zilizoleta hayo. Hakuniambia ndiyo, na hakuniambia hapana.

Ndo maana siku hizi mtu akinitajia namba namrudishia swali kama mtoto mtundu. Moja ya nini? Kumi ya nini? Wanafunzi wangu wananiita hivyohivyo, Nesi Ya Nini, wanadhani sijui.

Tatizo ni kwamba sisi tunaishi nyumba za inchi na tunatibiwa kwa sentimita. Hebu angalia nyumbani kwako. Televisheni ni inchi 32, na hiyo inapimwa kona kwa kona. Misumari ni inchi nne. Mbao ni mbili kwa nne. Bomba la maji nusu inchi. Godoro tano kwa sita, na hapo tano na sita ni futi, ila ukisema unene wake nane, nane hiyo ni inchi. Sentensi moja ya dukani ina vipimo viwili na hakuna anayevitaja, na tunaelewana vizuri tu. Waingereza walituachia hivyo vitu wakaondoka. Halafu unafika kliniki, kadi ya mtoto yote ni sentimita na kilo. Hakuna mahali mtu anakusimamisha mlangoni akuambie, mama, hapa tumebadilisha.

Wakati wa bibi zetu mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na shibiri, kuanzia ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ukitanua kiganja. Kulikuwa na mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na pima, ukinyoosha mikono yote miwili. Mkono wa nani? Wa muuzaji au wa mnunuzi? Watu waligombana hapo. Inchi yenyewe ilikuwa na matatizo hayohayo, ya Uingereza na ya Marekani zilitofautiana kidogo sana, hadi nchi hizo na nyingine nne zilipokubaliana kwamba kuanzia mwaka 1959 inchi ni sentimita 2.54 kamili, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo angalau siku hizi ukijua ni inchi, unajua ni inchi ipi.

Lakini bibi yangu alikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiheshimu nilipotoka chuoni. Alikuwa anamfunga mtoto uzi kiunoni, wengine wanafunga shanga. Uzi ukilegea, mtoto anakonda. Ukibana, ananenepa. Hakuna namba hapo. Mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe. Mara nyingi nimewaza kwamba yule mama angekuwa na bibi yangu badala ya mimi, angeambiwa azungushe uzi kichwani kwa mtoto, aukate, na baada ya wiki mbili auzungushe tena aone umebaki umbali gani. Uzi haujui inchi wala sentimita, pengo angeliona kwa macho, na kwa simu angesema upana wa vidole vingapi. (Uzi wa kupimia namaanisha, unapima unautoa. Usimwache mtoto amefungwa uzi kichwani wala shingoni.)

Sasa kwa wale wenye tepu nyumbani, ichukue tuangalie pamoja. Upande wenye namba kubwa hadi 150 ni sentimita, kila sentimita imegawanywa vipande kumi vidogo, hizo ni milimita. Upande unaoishia 60 ni inchi, na hapo kuna mtego ambao hata manesi wanaingia: inchi haigawanywi kumi. Inagawanywa nane, au kumi na sita. Kwa hiyo ukiona mistari mitano midogo baada ya 17 kwenye tepu ya nane nane, usiandike 17.5. Hiyo ni 17 na sehemu tano kati ya nane, yaani 17.625. Nusu kamili ni mstari wa nne. Kosa la mstari mmoja hapo ni milimita tatu na ushee, ambayo kwa kichwa cha kichanga ni ukuaji wa siku kadhaa.

Ukikwama na inchi na huna simu ya kupiga hesabu, mimi nafanya hivi: naizidisha mara mbili, naongeza nusu yake, halafu kwa kila inchi kumi naongeza milimita nne. Inchi 20: mara mbili 40, nusu ya 20 ni 10, jumla 50, ongeza milimita nane, 50.8. Dada yako aliyeko Texas akikutumia picha akasema mtoto kazaliwa na 20, mwambie hongera, wa kwako alikuwa 49, mmepishana chini ya sentimita mbili, tena kawaida ya watoto wachanga ni hapohapo karibu na 50.

Na angalia tepu yenyewe imechoka kiasi gani. Zile za kitambaa na za plastiki laini zinavutika. Ilaze juu ya rula ya shule ya sentimita 30 uone kama zinakubaliana. Ile chuma ya mwanzo pia, kwenye nyingine sifuri inaanzia kwenye ncha ya chuma, na ikishang'oka umepoteza karibu sentimita nzima kila unapopima bila kujua.

Kuna kipimo kimoja ambacho nawaomba msikifanye kwa tepu ya fundi kabisa, ni kile cha mkono wa mtoto. Mnakifahamu, utepe wenye rangi tatu, tunawapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 katikati ya bega na kiwiko. Kijani kuanzia sentimita 12.5, njano kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu chini ya 11.5. Kutoka kijani hadi nyekundu ni sentimita moja tu. Kwa inchi hiyo haifiki hata nusu. Inchi nne na nusu ni nyekundu, ni mtoto mwenye utapiamlo mkali anayehitaji matibabu leo, na inchi tano ni kijani. Mtu anayesoma inchi kwa haraka anaweza kumvusha mtoto rangi mbili. Mhudumu wa afya wa mtaani kwenu anao ule utepe wa rangi, mwombe akupimie.

Na la kitanda, nalisema kwa ufupi kwa sababu nimeliona kwa macho. Kuna baba alinunua godoro la mtoto dukani, mbili kwa nne, futi, yaani kama sentimita 61 kwa 122. Akampa fundi seremala oda ya kitanda kwa sentimita, akakadiria 70 kwa 130. Fundi akatengeneza vizuri. Pembeni likabaki pengo la sentimita 8 hadi 9, uso wa kichanga unaingia hapo. Kati ya godoro na mbao visipite vidole viwili. Nilipowatembelea, bibi alikuwa ameziba pengo kwa khanga zilizokunjwa, na hizo nazo nikaziondoa, kwa sababu nguo zilizolegea karibu na uso wa kichanga zinaweza kumziba pumzi. Kitanda kilirudi kwa fundi wiki hiyohiyo.

Mama wajawazito, mkunga akipima tumbo kwa tepu, kuanzia wiki ya 20 hivi hadi 36 sentimita zinakaribiana na wiki zako. Wiki 28, kama 28, ikipanda au kushuka mbili bado ni sawa. Ndo maana usishangae akilaza tepu namba zikiwa zimeangalia chini halafu anaigeuza mwishoni, anafanya hivyo ili macho yasimdanganye kusoma namba anayoitarajia. Ila nimewahi kuona kadi ya mama wa miezi saba imeandikwa 11. Mtu aligeuza tepu ya fundi akasoma upande usio wake, na mama wa watu alikaa na hofu wiki nzima kwamba mtoto amenyauka.

Kwa hiyo nikikuomba namba kwa simu, niandikie yote na jina lake. "Kichwa sentimita 41." "Kichwa inchi 16 na nusu." Hata ukiandika "upande wa namba ndogo wa tepu" nitaelewa. Na ukiona utosi wa mtoto umevimba na kukaza akiwa ametulia na umemkalisha wima, au macho yanatazama chini muda wote, au anatapika kila mara na kulala kupita kawaida, au kichwa kinakimbia kuliko kofia zake, usipime tena wala usinisubiri nitoke zamu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na nesi akikuambia ni kawaida na wewe moyo haujatulia, mwambie akushike mtoto apime mwenyewe. Yule mama alikuwa na wasiwasi wa kweli na mimi nikauzima kwa kicheko.

Bado tunawasiliana. Mwaka jana nilipita kule kwenye msiba, nikaingia sokoni kwake, siku hizi ana mashine tatu. Binti alikuwa kakaa chini anapanga vifungo kwa rangi. Nikasema nishonewe gauni, nikavua koti, nikajitajia mwenyewe ili nisimchoshe: kiuno 34. Akaishusha miwani, akanitazama hadi binti akaanza kucheka bila kujua tunachekea nini.

"34 ya nini, nesi?"

Nililipia gauni bei kamili, hakunipunguzia hata shilingi.

Haya, chai imepoa. Kesho na keshokutwa niko zamu ya usiku, kwa hiyo ya kumwogesha kichanga itakuja Alhamisi. Anayetaka kujiandaa mapema atafute beseni, taulo mbili safi, na sabuni isiyo na harufu kali. Wale mlioniuliza kuhusu kitovu kutoa maji, nimewaona, nitawajibu mmoja mmoja.